Kupeleka Jina

"Utingo wako yuko wapi?"

Dereva alikuwa hata hajakaa vizuri kwenye benchi. Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, baridi ya Makambako ile inayopenya koti na sweta la chini yake, na mama muuza chai alikwishaona kwamba upande wa pili wa lile semi hakushuka mtu.

"Kanikimbia Tunduma."

"Na yule wa Pasaka?"

Dereva akacheka, akavuta kikombe. Mama hakucheka. Alimkatia chapati, akauliza tena kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua: hao vijana unawalipa kwa safari au kwa mwezi? Hela ya chakula njiani unatoa wewe au tajiri? Dereva alijibu nusunusu, akamaliza chai, akaondoka. Pembeni palikuwa na vijana watatu wanaota moto, wote wanatafuta kazi, na mmoja nilikuwa nimemsikia akisema yuko tayari kwenda hata Lubumbashi. Nilingoja mama awaite. Hakuwaita.

"Huyo hapelekewi mtu," aliniambia baadaye, akisugua sufuria. "Utingo watatu tangu Pasaka. Hapo mbovu si utingo."

Nimekaa kwenye benchi lile asubuhi nyingi, kila nilipopata safari ya kusini, nikimtazama mama huyu akifanya kazi ambayo haimwingizii senti. Biashara yake ni chai, chapati, maandazi na supu. Lakini watu wengi wameingia kwenye malori, kwenye mbao, kwenye mashamba ya viazi na kwenye magereji kwa sababu walipita kwake. Ameniomba nisimwandike jina, si kwa woga. "Nitaletewa bahasha mpaka nishindwe kukoroga uji." Kazi hiyo vijana wanaiita mchongo. Waliosoma wanaiita mtandao wa kitaaluma. Walioachwa nje wanaiita undugunaizesheni, na mara nyingi wana haki. Yeye anaiita kupeleka jina, na kadiri nilivyozidi kumtazama ndivyo nilivyoona kwamba neno lake ndilo sahihi kuliko yote. Mtu atajipeleka mwenyewe, na vyeti vyake atavibeba. Kinachopelekwa na mwingine ni jina, na linapopelekwa huwa limebebwa mgongoni na jina la aliyelipeleka.

Hapo alipo napo panamsaidia. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam, Iringa, Mbeya hadi Tunduma inapita, na papo hapo inachepuka ile ya kusini, kilometa 60 hivi mpaka Njombe, kisha Songea. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita mji huo huo. Kwa hiyo dereva wa mbao aliyetoka Njombe, dereva wa shaba aliyetoka Zambia na deiwaka aliyeshika usukani wa mwenzake kwa siku moja tu hukaa benchi moja kwa dakika ishirini. Hawajuani na hawatajuana. Kila mmoja anamfahamu mama wa chai, kidogo tu, kiasi cha kujua anapenda kutaniwa nini.

Huo ufahamiano mdogo, wa kikombe kimoja, ndio nguvu yenyewe. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja mwanasosholojia, Mark Granovetter, aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu kuhusu jambo hili hili. Alikuwa amewauliza wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliopata kazi kupitia watu, kwamba huyo aliyewapa habari walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara hawakufika hata watu 17 katika kila 100. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara chache, au mara chache sana. Alipowauliza kama ni rafiki ndiye aliyewaambia, wengi walimsahihisha: si rafiki, ni mtu tunayefahamiana tu. Sababu yake haina uchawi. Ndugu yako na rafiki yako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya iko kwa mtu wa mbali kidogo. Mwaka 2022 watafiti wengine walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, wakakuta kwamba wanaosaidia zaidi kuhama kazi si watu wa karibu kabisa, bali wale wa mbali kiasi. Nilimsimulia mama. Akaniuliza hao watu milioni 20 nani aliwajaribu kabla ya kuwapeleka. Sikuwa na jibu.

Kujaribu ndiko kulikonifanya nimheshimu, na huko nataka kukaa.

Alikuja kijana mmoja kutoka upande wa Wanging'ombe, viatu vimepigwa brashi, bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamwene."

"Kamwene. Mama, nimeambiwa unasaidia watu. Natafuta kazi yoyote."

"Kazi yoyote ndiyo haipo. Kunywa chai kwanza."

Akafungua bahasha. Juu ya vyeti kulikuwa na barua ya mwalimu wake wa ufundi, inaanza kwa maneno tunayoyajua wote: Kwa yeyote anayehusika. Mama aliusoma mstari huo mmoja, akairudisha. "Huyu Yeyote namfahamu. Hajawahi kuajiri mtu." Hakuangalia kitu kingine mle ndani. Alimpa chai na maandazi mawili, na kijana alipopapasa mfuko akamwambia ataandika. Akatoa daftari la mazoezi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akaandika deni.

Siku ile nilidhani ni huruma. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lile daftari la madeni ndilo ofisi yake. Ndani yake kuna madereva, mautingo, wabeba mizigo, wanafunzi waliomaliza, na mbele ya kila mmoja tarehe na kiasi. Mama hasomi kiasi. Anasoma tarehe ya kulipa, na zaidi anasoma namna deni lilivyolipwa. Kuna anayelipa akikumbushwa. Kuna anayelipa akija kukopa tena. Kuna anayepita barabara ya pili kwa wiki nzima. Na kuna anayesema, "Mama, leo sina, lakini sijasahau," na huyo wa mwisho mama humpenda karibu sawa na anayelipa, kwa sababu mtu wa namna hiyo gari likiharibika Mikumi atapiga simu badala ya kuizima.

Kijana wa Wanging'ombe alipotea siku tatu. Siku ya nne akaja na hela, ameipata kwa kupakua viazi, akalipa kabla hajakaa. Mama akapiga mstari kwenye daftari. Ndipo akaanza kumuuliza, siku nne baada ya kumwona, maswali ambayo wengine huuliza dakika ya kwanza.

Hakumuuliza unajua nini. Alimuuliza umewahi kutengeneza nini kikaenda. Kijana akataja: breki za Fuso, klachi, na injini ya dizeli ya mashine ya kusaga iliyokuwa haiwaki. Fildi ulifanya wapi? Gereji fulani ya Mbeya, miezi minane. Kisha likaja swali ambalo nimelichukua na kulitumia mimi mwenyewe tangu siku hiyo: "Huyo mwenye gereji, ukimpigia sasa hivi, atapokea?"

Kijana alitoa simu akapiga. Ilipokelewa. Mama akaichukua, akamsalimia mwenye gereji, wakaulizana habari za mafuta na za mvua, akashukuru, akakata. Hakumuuliza chochote kuhusu kijana. Nilishangaa. "Nimesikia alivyofurahi kusikia jina lake," alisema. "Mengine atamwambia mwenye kazi."

Mtu mwingine angemtuma kijana huyu kwenye magereji ya Makambako, ambako kila mhitimu wa ufundi wa magari ameshapita na bahasha yake. Mama aliwaza kumtuma msituni.

Njombe ni nchi ya miti ya kupandwa. Miwati ilikuja kwa wingi baada ya TANWAT, Tanganyika Wattle Company, kuanzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Misindano na mikaratusi ipo mpaka upeo wa macho, na siku hizi karibu kila mwenye shamba la ukoo ana kipande cha miti. Miti hiyo hupasuliwa na mashine ndogo ambazo watu wanaziita dingidongi: msumeno wa duara, toroli la kusukumia gogo kwa mikono, na injini ya dizeli iliyokwishafanya kazi nyingine maisha yake yote. Mashine inahamishwa kufuata miti. Ikizima, imezima porini, na wapasuaji, wabebaji na mpishi wao wanakaa wakiitazama huku mwenye mashine akihesabu siku.

Wiki mbili kabla, dereva mmoja wa mbao alikuwa amelalamika pale kwenye benchi kwamba amelala Njombe siku mbili akisubiri mzigo kwa sababu dingidongi ya mtu wake ilikuwa inazima kila ikipata moto. Alilalamika kama watu wanavyolalamika, kisha akalipia supu yake. Mama alikuwa ameliweka lalamiko hilo mahali. Malalamiko ya wateja kwake ni matangazo ya kazi, yaliyotolewa na watu wasiojua kwamba wametangaza.

Dereva yule aliporudi, nilikuwepo. Nayaandika maneno ya mama kama nilivyoyaandika siku hiyo:

"Kaka, mwambie tajiri wako wa Njombe kuna kijana alikaa gereji miezi minane, namba ya mwenye gereji hii hapa, ampigie mwenyewe. Aliwahi kuwasha injini ya mashine ya kusaga. Ya mbao sijui kama anaiweza. Amjaribu siku tatu, amlishe tu. Asipomfaa aseme, asinifiche."

Sijui kama msomaji anaona kilichofanyika hapo. Hakuna sifa hata moja. Hakusema mchapakazi, hakusema mwaminifu, maneno ambayo yamejaa kwenye barua zetu za maombi mpaka yamekuwa kama chumvi kwenye bahari. Alitaja vitu vilivyotendeka, akampa mwenye mashine shahidi mwingine asiye yeye. Akakiri pale ambapo ujuzi wake umeishia, na hilo "sijui" ndilo lililofanya yale mengine yaaminike. Halafu ombi lenyewe akalifanya dogo, siku tatu na ugali, kiasi kwamba kukataa kungekuwa na aibu kuliko kukubali. Na mwishoni kabisa akaufungua mlango wa kurudi, kwa kijana na kwa tajiri wote wawili.

Mimi niliwahi kupeleka jina, nikaharibu. Nilimwombea mtoto wa jirani nafasi kwa mtu niliyesoma naye, nikamsifia kwa aya tatu: kompyuta anaijua, Kiingereza anakijua, nidhamu usiseme. Sikuwahi kumwona akifanya kazi hata siku moja. Alidumu majuma mawili. Aliyeniumiza zaidi si yule kijana. Ni mwenzangu, ambaye hakunilaumu. Aliacha tu kupokea simu zangu haraka.

Mama naye ana kovu lake. Alimpeleka kijana kwa mwenye malori mawili, na kijana akakamatwa ananyonya dizeli usiku. Mama alifunga biashara siku moja, akapanda gari, akaenda kuomba radhi nyumbani kwa yule bwana, uso kwa uso. Kisha hakumpelekea jina lingine mwaka mzima, japo bwana mwenyewe alimsamehe na kumuuliza mara mbili kama ana mtu. "Nilijifungia mwenyewe," anasema. Ukitaka kujua tofauti kati yake na dalali, iko hapo. Dalali anakula kwa anayetafuta na kwa anayetafutwa, mzigo ukiharibika yeye ameshashuka.

Kule Ubena, upande wa Njombe, watu waliwahi kupata kazi kwa njia iliyo kinyume kabisa na hii. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Mtu aliondoka kwao ana jina la ukoo na akafika Korogwe akiwa tarakimu. Babu yake mama alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza kwa namba. Mara ya pili hakupitia ofisi yoyote. Mnyapara aliyemfahamu safari ya kwanza alimtumia salamu kwa mtu wa kijijini, kwamba aje, na akija amwone yeye kwanza. Mama aliisikia hadithi hiyo utotoni na haoni kama ina ajabu yoyote.

Kuna njia nyingine za huku huku ambazo zimekwenda mbali kuliko yake. Wakinga wa Makete wamejaza maduka kuanzia Mbeya hadi Kariakoo kwa utaratibu unaojulikana: kijana anachukuliwa na ndugu, anauza duka la ndugu miaka kadhaa, kisha anapewa mzigo wa kuanzia lake. Ni ufundi mkubwa, na unastahili makala yake. Lakini unahitaji uwe umezaliwa mahali fulani. Benchi la mama linahitaji ulipe chai.

Nisimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Benchi lile lina wanaume wengi kuliko wanawake. Msichana wa kutoka Ludewa, kule chini ziwani, hatakunywa chai na madereva alfajiri, na daftari halitamjua. Mama analijua hilo na halimpi raha. Wasichana wanaomfikia huwapeleka kwa wenye mashamba ya parachichi wakati wa kuchuma, kazi ambayo mkono mtulivu ndio unaotafutwa: tunda linakatwa kwa mkasi, kikonyo kinabaki, na lililoanguka chini haliingii kwenye kreti la kwenda nje. Huwa anawafundisha hapo hapo kwa kisu cha kumenyea vitunguu. Lakini akipigiwa simu na mtu wa mjini anayetaka "binti wa kazi za ndani kutoka huko kwenu", na anapigiwa sana, kwa kuwa mikoa hii imezoeleka kutoa mabinti hao, jibu lake ni moja. Aje mwenyewe na mkewe, wakae kwenye benchi, wanywe chai. Mpaka leo amekuja mmoja. Wengine wote wamekata simu.

Kuhusu kazi za serikali hana la kusema. Huko kuna Sekretarieti ya Ajira, maombi yanaingia kwa mtandao, na usaili unatangazwa. "Huko hakuna chai," anasema, na nadhani ni sifa.

Kijana wa Wanging'ombe alikwenda Njombe na Kosta ya asubuhi akiwa na spana zake mwenyewe, kwa agizo la mama. Agizo la pili lilikuwa kuhusu malipo: usiyaulize kabla hujashika spana, na usilale kabla hujayauliza. Injini ilikuwa inavuta hewa kwenye njia ya mafuta, na pampu ya maji imechoka. Siku ya tatu ikapasua magogo mpaka jioni. Hakupewa mkataba wala mshahara wa mwezi, nisidanganye. Alipewa mashine ile aiangalie, kwa malipo ya kila tengenezo na chakula, kisha mwenye mashine akamwazima kwa jirani yake, na jirani kwa mwingine.

Mwezi wa tisa alikuja Makambako na ndoo ya viazi na noti imekunjwa kiganjani. Mama alipokea viazi. Noti aliirudisha kwenye mfuko wa shati la kijana, akaupigapiga mfuko, akamuuliza kile nilichogundua baadaye kwamba huwauliza wote wanaorudi, na ambacho ndicho malipo yake hasa: "Huko ulipo, wanamtafuta nani?"

Kijana akafikiri. Wanamtafuta mtu wa kunoa misumeno. Aliyepo ni mzee, macho yamechoka, meno ya msumeno yanatoka hayalingani, na mbao zinatoka na mawimbi. Wenye mashine watatu wanalalamika.

Mama hakuandika popote. Aliendelea kumenya.

Nilipopita tena mwezi uliofuata, nafasi ya kunoa misumeno ilikuwa bado wazi. Mama alikuwa na majina mawili, na wote wawili alikuwa bado anawakopesha chai.